Mizinga na Majina
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiwengwa)



Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliipiga Pegasus ya Waingereza katika bandari yetu ya Unguja, ikazama. Mabaharia wake wengi wamezikwa kisiwani Chapwani. Kisha Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya Waingereza iliruka juu yake, ikiwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey. Ndege ikapigwa, ikaanguka majini, na wawili waliokuwamo wakaokolewa. Lakini siku ile ile Königsberg nayo ikaangamia.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja umehifadhiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus; mwingine uko Pretoria.

Basi nauliza: nani aliyeikokota mizinga ile matopeni na milimani? Ni wapagazi na askari Waafrika. Mizinga imetunzwa, wao wengi hawana hata kaburi lenye jina. Wapagazi wa upande wa Waingereza wametuachia neno, Kariakoo.

Ndugu zangu, sisi ni makarani, na kazi yetu ni kuandika. Kila mmoja akirudi kwao awaulize wazee: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa vitani? Aandike jina, kijiji na alikopelekwa, kisha ailete karatasi hiyo chamani. Chuma chaweza kungoja. Kumbukumbu za wazee hazingoji.