Mama wa Wimbo na Mama wa Ngoro



Ni maneno machache katika Kiswahili yaliyopewa heshima kama neno mama. Mtu akitaka kuitukuza nchi, huiita mama. Akishikwa na uchungu wa ghafla, hata awe mzee wa miaka 70, humlilia mama. Nyimbo za kwaya, mashairi ya magazetini, mahubiri ya kanisani na mawaidha ya msikitini yamejaa sifa zake: mvumilivu, mpole, mwenye huruma, alalaye na njaa ili watoto washibe. Sifa hizo ni haki yake. Lakini yafaa wenye kumsifu waulizwe swali moja, nalo ni hili: mama huyo anayesifiwa hupata nini siku mumewe anapofariki na shamba linapogawanywa?

Swali hilo laweza kuonekana liko mbali na fasihi na dini. Haliko mbali hata kidogo, na mahali pazuri pa kulionyesha ni Mbinga, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa ambao tangu mwaka 2012 una wilaya yake yenyewe.

Msafiri apandaye milima ya Umatengo huona mteremko mzima umefunikwa na vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Wataalamu wa kilimo, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamezichunguza na kukiri kwamba zinaulinda udongo katika miteremko ambayo kwa kilimo cha kawaida ingekwisha kuporomoka zamani. Mvua kubwa za masika zikikaribia kwisha, mwanamume hufyeka nyasi, nazo nyasi hulazwa katika mistari inayokatana hata ikafanya miraba. Kuanzia hapo kazi ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayechimba udongo katikati ya kila mraba na kuurushia juu ya nyasi, matuta yakainuka pande zote na shimo likabaki katikati. Kisha hupanda maharage. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuupeleka udongo bondeni, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea ya mahindi yatakayofuata.

Kazi hiyo haihitaji nguvu ya mikono peke yake. Mchimbaji sharti ajue mteremko ulivyo, shimo liende chini kiasi gani, na udongo wa juu utenganishwe vipi na ule wa chini. Binti huupata ujuzi huo kwa kufuatana na mama yake shambani, jembe kwa jembe. Ajabu ni kwamba katika sifa zote anazopewa mama, sifa ya ujuzi ni nadra kusikika. Mama wa wimbo hutoa jasho na machozi; mama wa ngoro hutoa pia akili, na hiyo haiimbwi.

Mfano mwingine ni sengu. Zamani Wamatengo walikuwa na desturi ya wanaume wa ukoo pamoja na vijana wao kula pamoja kwa mzee wa nyumba. Hapo ndipo vijana walipofundishwa adabu, magomvi yakaamuliwa na kazi za kesho zikapangwa. Wazee husimulia habari za sengu kwa fahari, na wana haki, maana ilikuwa shule na mahakama kwa pamoja. Lakini chakula kilichoikutanisha sengu kilitoka katika mafiga ya akina mama wa nyumba zote. Bila vyungu vyao pasingekuwa na kikao, wala shauri la kukata. Masimulizi hukitaja chakula na kumsahau mpishi, na yanapomkumbuka humkumbuka kwa ukarimu wake tu.

Ilipokuja kahawa, mambo yalizidi. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936, na kwa kawaida aliyeandikwa uanachama alikuwa baba. Mibuni ikawa mali ya baba, maharage na mahindi yakawa chakula cha nyumbani, yaani kazi ya mama. Jembe moja likapata bei, jingine likapata sifa.

Dini nazo zina sehemu yao katika picha hii. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914. Jimbo Katoliki la Mbinga likaundwa mwaka 1986. Vizazi kadhaa vimekua vikisali rozari na kumtazama Bikira Maria kuwa kielelezo cha kila mama. Lakini ni kielelezo kipi? Sanamu nyingi humwonyesha ameinamisha macho na kukunja mikono, kimya. Mariamu wa Injili ya Luka hayuko kimya. Wimbo wake wa shukrani, ambao Kanisa huusali kila jioni, unatangaza kwamba watawala wameondolewa madarakani na wenye njaa wameshibishwa. Na katika arusi ya Kana yeye ndiye aliyemwambia mwanawe kwamba divai imekwisha. Mama huyo anafanana sana na mama wa Umatengo anayekagua ghala mwezi wa Januari na kujua mahindi yaliyobaki yatawafikisha wapi.

Huko mwambaoni Liuli, hospitali ya misheni ya Waanglikana ina jina la Mtakatifu Anna, ambaye mapokeo humtaja kuwa mama yake Mariamu. Jina lake halimo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Hata bibi yake Yesu, basi, ilibidi akumbukwe na watu wa kawaida, kwa kuwa waandishi walimpita. Waislamu wana mfano ulio wazi zaidi. Bi Hajara alipobaki jangwani na mtoto wake mchanga Ismail hakukaa chini akangoja huruma. Alikimbia mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa akitafuta maji. Mpaka leo kila hujaji, awe mfalme au mkulima wa muhogo, sharti aufuate mwendo ule ule. Hapo kazi ya mama imefanywa ibada ya wanaume na wanawake pia. Ni jambo la kusikitisha kwamba mifano yenye uzito namna hiyo haisikiki mara nyingi kama mawaidha ya kumtaka mama avumilie.

Katika fasihi ya Kiswahili mama amesema kwa kinywa chake tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, ili amwachie usia binti yake Mwana Hashima. Wasomaji wengi huushika utenzi huo kwa yale unayosema juu ya kumtii mume, na ni kweli yamo. Ni wachache wanaotua na kuona kwamba anayetoa maagizo yote hayo ni mwanamke, bingwa wa ushairi, aliyeamua mwenyewe binti yake arithi nini kutoka kwake.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Jina hilo Wakatoliki wa Mbinga walilijua kabla ya kukijua kitabu, kwani ni moja ya majina ya Bikira Maria katika litania. Mwandishi alimpa msichana wa Ukerewe anayeharibikiwa na dunia, na mama wa msichana akamwita Regina, yaani Malkia, jina jingine la litania hiyo hiyo. Regina ni mama wa wimbo kwelikweli. Mumewe Zakaria ni mlevi na mkali; yeye anavumilia na kusitiri aibu ya nyumba. Uvumilivu wake haumwokoi binti. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na makelele ya marufuku yakalifunika swali zito zaidi, kama kuvumilia peke yake kwatosha kuwa wema wa mama.

Penina Muhando alilifikisha swali hilo jukwaani katika tamthilia ya Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Usemi kwamba mama ni nguzo umetumika mpaka ukachakaa. Mwandishi aliuchukua kama ulivyo: wanawake wa kijiji wanajitahidi kuisimamisha nguzo hiyo, nayo haisimami. Wanaume hawakuachwa bila lawama, wala wanawake wenyewe na mivutano yao. Mtazamaji anayetoka katika mchezo ule hawezi tena kulitamka neno nguzo kwa urahisi kama zamani.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo na vitabu ni mapambo tu, na shamba ni jambo jingine. Watu hao na wazitazame kanuni za mirathi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane likatajwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Ndugu wasikilizaji wayapime maneno hayo. Yana sauti ya wimbo wa Jumapili. Yanamsifu mama kwa malezi, na katika pumzi hiyo hiyo yanamtoa shambani. Mama anayetunzwa na wanawe huonekana hahitaji ardhi. Na kama wanawe wamekwenda mjini, au ni wakorofi, au hakuwapata kabisa, kanuni haina neno la kumwambia. Picha imekwisha kuwa sheria.

Picha hiyo imekwisha kupingwa mara kadhaa, na waliopinga hawakuwa washairi. Katika kijitabu chake cha Ujamaa Vijijini cha mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba katika maisha ya asili wanawake walifanya kazi kuliko sehemu yao ya haki, mashambani na majumbani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabiwa katika mali ya ndoa. Kupika na kulea, vilivyokuwa vikiitwa mapenzi ya mama, vikapewa jina la kazi mbele ya sheria. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza ikaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikafuata, ikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi ya kijiji. Pamoja na hayo, kanuni za 1963 ziliendelea kuwabana wajane, hata wawili kati yao wakalifikisha shauri lao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba wamebaguliwa.

Mkoa wa Ruvuma haukosi picha nyingine za mama. Nkomanile, mtawala wa Kitanda, alimpokea aliyeileta dawa ya maji na kuipitisha kwa Wangoni, na mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga pamoja na mashujaa wengine wa Majimaji. Katika kundi lile yeye ndiye mwanamke pekee anayetajwa. Wajerumani hawakumwona kuwa mpole. Na kule mwambaoni, kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay, wanaume huingia ziwani usiku na mitumbwi yao, na asubuhi akina mama hupokea dagaa, wakaanika, wakapanga bei na kuwasafirisha. Jioni ya ngoma, wanaume wana mganda wao na wanawake wana kioda. Katika kioda mama haimbiwi. Anaimba yeye, kwa safu na sare, na anayetaka kujua wanawake wa kijiji wana maoni gani juu ya kijiji chao hana haja ya kuitisha mkutano. Inastaajabisha kwamba vitabu vya shule vinavyomfundisha mtoto juu ya mama humkuta jikoni tu.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji mtunzi wala mhubiri. Sheria inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la wajumbe 7, na wajumbe 3 kati yao wawe wanawake. Mgogoro wa mpaka ukiletwa mbele ya baraza hilo katika kijiji cha Umatengo, mjumbe aliyeinua matuta ya ngoro kwa mikono yake tangu usichana huujua mpaka huo kuliko karatasi. Mara nyingi, hata hivyo, mjumbe huyo huitwa kwenye kikao, akakaa mwisho wa benchi, na kabla hajafungua kinywa akaombwa akawaangalizie wageni uji.