Habari za Bei na Kazi ya Katibu
(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Masasi na Newala)



Nimeombwa niseme juu ya mabadiliko ya biashara na jinsi habari zake zinavyotufikia. Nitasema juu ya korosho, kwani kwetu atajaye biashara ameitaja korosho.

Wazee waliopo wanakumbuka kuwa vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na ununuzi ukawa mikononi mwa Mamlaka ya Korosho. Bei ilitangazwa na Serikali; mwenye redio aliisikia, asiye nayo aliambiwa na jirani. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ikawa ile aitamkayo mwenye gari, na mkulima wa Kitangari hakuwa na njia ya kujua mwenzake wa Lulindi amelipwa ngapi.

Stakabadhi ghalani ilipoanza Mtwara mwaka 2007, habari zilirudi hadharani. Wanunuzi waliandika zabuni, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisomewa bei wakaikataa, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata yalikuwa na matata yake, lakini watu walikataa kwa sababu walikuwa wamesikia.

Tangu msimu wa 2024/2025 mnada hupitia mtambo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi aweza kuweka bei yake akiwa mbali, nayo ikaonekana papo hapo. Ni jambo jema. Hata hivyo, Ndugu Makatibu, bei ya mnadani siyo fedha ya mkononi. Katikati pana ushuru, usafiri, gharama za ghala, na sehemu ya chama cha msingi na chama kikuu. Mtambo hauelezi hayo. Mwenye kueleza ni katibu.

Niliwahi kufika katika chama kimoja, sitakitaja, nikamkuta mama mmoja ameketi barazani tangu asubuhi. Bei aliisikia, benki alikwenda, fedha alizikuta pungufu kuliko hesabu yake. Makato yalikuwa halali yote. Karatasi yake ilikuwamo katika saraka ya katibu, na katibu alikuwa safarini. Mama yule aliniambia kwamba msimu ujao atauza kwa kangomba, maana mtu wa kangomba humlipa palepale na hana maneno mengi. Nilimkumbusha kuwa kangomba ni haramu kwa sheria na kwamba kipimo chake humwibia. Alinijibu kuwa wizi wa bakuli anauona kwa macho.

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alitushinda.

Nawaomba basi, kila baada ya mnada, mbao zetu za matangazo zioneshe bei iliyokubaliwa, kila kato kwa jina lake, na baki ya kila kilo. Ujumbe wa simu utumwe pia, lakini usichukue nafasi ya ubao. Wako wanachama wasio na simu, na wako wenye simu wasiosoma.

Alasiri tutakutana na vitabu vyetu vya mapokezi. Tutaanza na hesabu ya unyaushi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoulizwa zaidi na kujibiwa kidogo.