Kiti cha Marehemu
Maneno yaliyosemwa na karani wa chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi



Halmashauri imeniomba niseme machache kabla ya kura. Kiti cha mwenyekiti ki wazi tangu mzee wetu alipofariki. Wengine husema kwamba ni haki ya mwanawe; wengine, ni haki ya ndugu yake. Nivumilieni niwakumbushe habari za jirani zetu wa Usambara, ng'ambo ya mpaka.

Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, aliitawala Usambara miaka mingi, makao yake yakiwa Vuga. Wanawe aliwaweka kuwa machifu katika sehemu za nchi, nao walimtii. Alipofariki mwaka 1862, Mshuza, mwanawe aliyetarajiwa kumrithi, alikuwa amekwisha kufa. Basi akatawazwa mjukuu, Shekulwavu, mwana wa Mshuza.

Lakini Semboja, mwana mwingine wa Kimweri, hakuridhika kumtii mtoto wa ndugu yake. Yeye alikaa Mazinde, huko bondeni kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki. Alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga. Wabondei nao wakaasi utawala wa Wakilindi, na watu wengi wasio na hatia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Wajerumani walipokuja waliikuta nchi imegawanyika.

Angalieni, ndugu zangu: mjukuu alikuwa na hoja yake, na mwana alikuwa na hoja yake. Pale ukoo ulipotoa majibu mawili, bunduki ndiyo iliyokata shauri.

Sisi Wataita hatukuwa na mfalme. Mambo yetu yalikatwa na wazee barazani. Ndugu zetu Wataveta nao walikuwa na baraza lao, Njama. Machifu walikuja baadaye, wakiwekwa na serikali, kufuatana na sheria ya wakuu wa vijiji ya mwaka 1902. Chama hiki hakikurithiwa kwa mfalme, wala hakikuwekwa na serikali. Ni mali ya watoao ada.

Basi mwana na asimame, ndugu na asimame, na mwingine apendaye. Kura zihesabiwe mbele ya macho yetu, na atakayeshindwa ampe mwenzake mkono. Katika daftari langu mna majina ya wajane na mayatima wanaongoja msaada. Tukigawanyika, daftari hilo ndilo litakalofungwa kwanza.