Wakikamata Jina Badala ya Kosa



Tukitaja misako, wengi wenu mnawaza Eastleigh au Mombasa. Lakini sisi tuko Sosiot, na hivi vilima vya majani chai vina habari yake. Mwaka 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai. Haikuuliza fulani amefanya nini. Iliuliza: wewe ni wa ukoo gani? Viongozi wao walisikilizwa na watu, na hilo lilitosha. Mamia, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia, na mpaka leo wajukuu wao wanadai ardhi. Waulizeni wazee wa hapa, si lazima msubiri kitabu.

Sasa ruka hadi Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi Eastleigh, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Hata Msomali mwenye kitambulisho cha Kenya alibebwa. Marekani nayo, mwaka 1942, iliwafungia kambini zaidi ya watu 110,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia. Swali ni lile lile la Gwassi.

Kuna atakayeniambia, "Lakini ustadhi, mabomu yalilipuka kweli." Ndiyo, yalilipuka, na damu ilimwagika. Aliyelipua ashtakiwe! Ila dini yetu haimbebeshi mtu kosa la jirani yake, na Katiba pia haimbebeshi.

Desemba 2014 Bunge likapitisha sheria ya usalama iliyosema wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Watu hawakurusha mawe, walienda kortini. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, na hicho kikiwemo.

Kwa hiyo mwenzako akibebwa, usiishie kuposti picha yake. Nenda kituoni, uliza nambari ya OB, andika saa aliyokamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuambiwa sababu, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Zikiishia wikendi, basi siku ya korti inayofuata, ndio maana mnaijua vizuri ile kamatakamata ya Ijumaa jioni. Hifadhi nambari ya wakili kwenye simu leo, kabla hujatoka hapa.