Shimo la takataka si la kila kitu



Leo niko na neno moja: shimo letu la takataka. Siku ile ya salongo kila mtu alisafisha parseli yake. Tulipokuwa ukimbizini Tanzania, parseli ziligeuka pori, na tulifurahi kuona nyumba zinaonekana tena. Lakini jioni shimo lilikuwa limejaa mpaka juu, na sehemu kubwa ni majani matupu. Kosa ni langu. Niliwaambia mulete takataka, sikusema takataka gani. Kesho yake mtoto akashuka kutafuta bati, akakatwa mguu. Mzee aliyetupa ile fasi amesema: mtoto mwingine akiumia, anafunga.

Basi tupange upya.

Majani na maganda ya mihogo yabaki nyumbani. Yarundike nyuma ya nyumba, yageuze na beshe, mwagia maji kidogo wakati wa kiangazi. Baada ya miezi utakuwa na mbolea ya lengalenga.

Mabati, misumari na bidoni tuweke kando, mafundi wanavihitaji. Mabuye ya redio yasichomwe. Tuyakusanye katika bidoni moja yenye kifuniko.

Chupa zilizovunjika, sasheti na vitambaa vibovu, hivyo ndivyo vya shimo. Kila tukimaliza kutupa, tufunike na udongo, juu ya inzi na panya. Na tukichimba shimo jipya, liwe mbali na kisima, si chini ya mita 30. Mvua inashusha uchafu kwenye maji, na sisi wa Fizi kipindupindu tunakijua.

Neno la mwisho ndilo zito. Katika parseli iliyoachwa wakati wa vita, ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikipige jembe, usikilete kwenye shimo. Wala usichome pori kama hujui kilicho chini yake. Rudi kwa njia uliyopitia, zuia watoto, mwite shefu wa kijiji haraka. Salongo isimame mpaka wenye kazi hiyo wafike.

Jumamosi tuanze kwa kuzungusha miti kwenye shimo, mtoto asiingie. Mwenye boroweti, ile tuliyoita toroli kule kambini, aje nayo. Na wazee wasio na nguvu, vijana tuwapitie nyumbani.