Damu Kwenye Mswaki: Hotuba ya Walimu Siku ya Wakimbizi Duniani



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema siku hii ya tarehe 20 Juni. Kila mwaka siku hii tunakumbuka tulikotoka na wale tuliowaacha njiani. Safari hii tuliombwa tuzungumze juu ya afya ya mtoto shuleni. Wengi walifikiri tutasema juu ya malaria au kipindupindu. Sisi tumechagua ufizi. Ili mjue sababu, tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mtoto mmoja wa darasa la awali, ambaye hatutamtaja jina, alirudi shuleni baada ya kuugua surua. Alikuwa amekonda. Kinywa chake kilinuka, na wenzake wakaanza kumkimbia. Sisi tulifanya nini? Tulimhamishia karibu na mlango, tukatuma ujumbe nyumbani kwamba mama amsafishe mtoto. Mama alijitahidi, lakini kila alipogusa meno mtoto alilia na damu ikatoka, naye akaacha. Siku ya nne mhudumu wa afya ya jamii, katika kupita nyumba kwa nyumba, alimwambia mtoto afungue kinywa. Alikuta ncha za ufizi kati ya meno zimeliwa, zina rangi ya kijivu, na shavu limeanza kuvimba. Siku hiyo hiyo mtoto alifikishwa kwa daktari.

Ndugu zetu, mtoto yule alipona. Leo yuko darasa la nne, anacheza mpira, na shavu lake ni zima. Lakini zile siku nne ni deni letu. Chuo cha ualimu tulifundishwa saikolojia ya mtoto na maandalio ya somo. Hatukufundishwa kumfungua mtoto kinywa na kutazama. Kwa hiyo tulimwendea daktari wa meno, tukakaa naye, tukauliza kama wanafunzi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Ufizi ni ile nyama inayozunguka jino. Ukiwa mzima hushika jino imara, na hautoki damu ukiguswa. Baada ya kula, utando laini wenye vijidudu hujijenga kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, ufizi huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu. Utando ukikaa zaidi hushika chokaa ya mate, ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, na mswaki hauwezi kuutoa.

Kuna watu wanaosema damu hutoka kwa sababu mtu anapiga mswaki. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa kama juma moja. Basi damu kwenye mswaki haisemi “acha”. Inasema “umechelewa, endelea, tena kwa uangalifu”. Mama wa mtoto wetu hakujua hilo, nasi tuliomtumia ujumbe hatukujua pia.

Hatua hiyo ya kwanza inapona yote. Hatua ya pili ni nyingine. Uvimbe huteremka chini, ufizi huachana na jino, na mfupa unaoshika mzizi huanza kuliwa. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi. Jino huonekana limerefuka, hutikisika, usaha hutoka, na mwisho hung’oka likiwa halina hata tundu. Wazee wetu wengi wanadhani hayo ni ya uzee. Si ya uzee, ni ya ugonjwa.

Daktari hutambuaje? Kwanza huuliza: damu inatoka tangu lini, unavuta sigara, una kisukari, una mimba? Sigara huharibu fizi na pia huficha damu, kwa hiyo mvutaji hujiona mzima. Kisukari na ugonjwa wa fizi huongezeana nguvu. Mimba hufanya fizi zivimbe upesi zaidi. Pili, daktari huchukua kichomeo chembamba chenye alama za milimita, hukipitisha polepole kati ya jino na ufizi, akizunguka jino lote. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4, pana mfuko ambamo vijidudu vimejificha. Hutazama kama damu inatoka akigusa, hutikisa jino kidogo, na penye mashine hupiga eksirei aone mfupa umebaki kiasi gani. Kipimo cha kichomeo hakitumii umeme, na kinachukua dakika chache.

Na matibabu? Wengi wetu tunajua moja tu, kung’oa. Lakini matibabu ya fizi ni usafi. Daktari hukwangua ugaga juu na chini ya ufizi mpaka mzizi uwe laini, humfundisha mgonjwa kupiga mswaki, kisha humwita tena baada ya miezi miwili au mitatu apime mifuko ile ile. Vidonge peke yake haviondoi ugaga. Na mgonjwa asiposafisha nyumbani, kazi ya daktari inapotea.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Kwa mtoto aliyedhoofika kwa njaa, aliyetoka kuugua surua au malaria, ufizi unaweza kuoza kwa siku chache tu, na ule uozo ukaingia shavuni. Ugonjwa huu unaitwa noma. Vijana wetu husema “noma” wakimaanisha shida, lakini jina hili limetoka katika Kiyunani, katika neno la mnyama kula malishoni. Ugonjwa hula uso namna hiyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwezi Desemba 2023 liliuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, linasema kwamba bila matibabu watoto wapatao 9 katika kila 10 hufa. Anayepona amechelewa hubaki na uso ulioharibika, hawezi kula wala kusema vizuri.

Ulaya waliujua pia, ukatoweka walipopata chakula na maisha mazuri. Ukaonekana tena wakati wa Vita Kuu ya Pili katika makambi ya mateso ya Auschwitz na Bergen-Belsen. Maana yake ni wazi: noma haichagui kabila wala rangi, huenda penye njaa. Wala hauambukizi. Tulipomtenga mtoto mlangoni hatukumkinga mtu yeyote.

Na habari njema ni hii: ukikamatwa ungali kwenye ufizi, husimama kwa dawa za kuua bakteria, kusafishwa kinywa na chakula cha kumjenga mtoto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni ule mstari mdogo wa damu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Wazazi: pigeni mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, nanyi muwasaidie watoto wadogo. Mswaki uwe laini, ulazwe kwenye mpaka wa jino na ufizi, uzungushwe polepole kwa dakika mbili. Kila mtu na wake. Asiye na wa dukani atumie wa mti, autafune ncha mpaka iwe nyuzi. Msitumie mchanga wala majivu, vinakwaruza. Maji ya vuguvugu yenye chumvi hutuliza, lakini hayaponyi ufizi unaooza. Kijivu, harufu kali, maumivu na shavu kuvimba: nendeni kwa daktari siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Walimu wenzetu: kila Jumatatu tunapokagua kucha, tukague na fizi. Mtoto aliyerudi kutoka surua akaguliwe kila siku kwa muda. Mtoto anayenuka kinywa asiketishwe peke yake. Ashikwe mkono apelekwe.

Kamati: wahudumu wanaopima mikono ya watoto kwa utepe wa lishe wafundishwe pia kuinua mdomo na kutazama. Ni tendo la nusu dakika, na mtoto mwenye utapiamlo ndiye yule yule aliye hatarini.

Ndugu zetu wa mashirika: tunajua mgao una mipaka yake, nasi hatukuja kulalamika. Tunaomba panapogawiwa sabuni, pawe na mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Tunaomba pia chumba cha meno kiwe na vyuma vya kukwangua ugaga, kisiwe na koleo tu. Mtu akijua kwamba akienda atang’olewa, hangoji kuambiwa abaki nyumbani.

Ndugu wasikilizaji, tulipokimbia tuliacha nyumba, mashamba na vyeti. Kicheko cha mtoto tulikuja nacho. Mama wa yule mtoto yuko hapa kati yenu leo. Alitukubalia tusimulie, akatuambia: “Walimu, semeni ili mwingine asingoje siku nne.” Tumesema.