Fomu Imejaa, Mtoto Amepata Nini? Usimamizi wa Elimu Maalumu na Funzo la Texas



Hoja yangu jioni hii ni moja: msimamizi wa elimu maalumu anayekagua makaratasi peke yake anaweza kumaliza mwaka bila dosari huku mtoto akiwa amedhulumiwa. Ushahidi nautoa Marekani, ambako haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu imepiganiwa mahakamani kwa miongo mingi.

Tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozilazimu shule za umma kuwafundisha watoto wote wenye ulemavu. Kabla ya hapo, shule nyingi ziliwafungia mlango. Chini ya sheria hiyo, kila mtoto anayestahili huandikiwa Mpango Binafsi wa Elimu: yuko wapi kimasomo, afike wapi, na apewe huduma gani kwa muda gani. Mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na mzazi ni mjumbe kamili wa kikao. Asipoelewa Kiingereza, kama ilivyo kwa wazazi wengi waliofika Marekani wakiwa wakimbizi kutoka Kongo, wilaya ya shule ina wajibu wa kumletea mkalimani.

Kuyasimamia hayo ni kazi ya ofisi ya wilaya. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, kwa sababu tarehe ni nyepesi kukagua. Kikao kimefanyika kwa wakati? Sahihi zipo? Weka alama ya vema, fungua jalada linalofuata. Ubora wa kilichoandikwa ndani hauonekani kwa haraka hiyo.

Kijana mmoja wa Colorado mwenye usonji, anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kama Endrew F., alikuwa na mpango kila mwaka. Tatizo ni kwamba malengo yake yalikuwa karibu yale yale mwaka hadi mwaka, dalili kwamba hasongi mbele. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kuwa mpango lazima uandaliwe kwa namna inayomwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake.

Texas inatupa funzo zito zaidi. Mwaka 2004 jimbo hilo liliweka kigezo cha ukaguzi: wilaya yenye zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu ilipoteza alama. Wakati huo kiwango cha jimbo kilikaribia asilimia 12. Kufikia 2015 kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 8.5 barabara. Ulemavu haukupungua, milango ndiyo iliyobanwa. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, bunge la jimbo likapiga marufuku kigezo hicho mwaka 2017, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikathibitisha kuwa Texas ilivunja sheria. Chombo cha kusimamia haki ndicho kilichotumika kuwanyima watoto haki hiyo.

Basi msimamizi akague nini? Aanze na lengo. "Ataboresha usomaji" halipimiki. "Kufikia Mei atasoma maneno 60 kwa dakika" linapimika. Kisha afungue daftari la huduma. Mpango unasema tiba ya usemi dakika 30, mara mbili kwa wiki. Ikiwa mtaalamu aliacha kazi Oktoba na nafasi yake ikakaa wazi hadi Februari, hakuna sahihi ya kikao itakayorudisha saa hizo. Mtoto anadai fidia ya huduma, na mzazi anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajauliza.

Najua mtasema fedha hazitoshi. Ni kweli, hata huko: Bunge la Marekani liliahidi kutoa, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, na halijawahi kufika hapo. Lakini kumwandika mtoto kana kwamba hana hitaji hakuongezi shilingi wala dola. Kunauficha upungufu ambao bajeti ingepaswa kuuona.

Maafisa elimu mlio ukumbini, nawaomba mfanye jambo moja. Katika kila ziara ya ukaguzi, chagueni jalada moja, kisha nendeni darasani mkamtafute mwenye jalada hilo. Muulizeni mwalimu wake, wiki hii mtoto huyo amefundishwa nini, na nani, kwa muda gani. Jibu hilo ndilo liandikwe kwanza kwenye ripoti yenu.